Mshonee mama mfarishi angali hai

Je, msomaji, zile nguo zilizojaa katika sanduku la mama yako zitakwenda wapi? Katika nyumba nyingi jibu hupatikana baada ya matanga. Leso hugawanywa upesi upesi, na shati la baba huishia kuwa tambara la kupigia deki. Kila mtu hurudi mjini na masikitiko yake.

Jumapili hii nakuletea shauri jingine: mfarishi wa kumbukumbu, yaani blanketi la viraka vya nguo za jamaa yenu, ambalo mzazi atajifunika angali hai.

Usidhani viraka ni dalili ya umaskini. Leso yenyewe, kama inavyosimuliwa pwani, ilianza katika karne ya 19 pale kina mama walipounga vitambaa sita vya mkononi, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja. Hata jina lake linatokana na neno la Kireno la kitambaa hicho.

Kwanza kabisa, zungumza na mzazi. Usiliendee sanduku lake na mkasi mkononi. Toa nguo moja moja, umuulize aliivaa lini, kisha uandike majibu katika daftari. Mzee asiyekumbuka alichokula jana aghalabu hukumbuka leso aliyombebea kifungua mimba wake. Hadithi hizo usipoziuliza leo, utamuuliza nani kesho?

Pili, shauriana na ndugu zako. Koti la marehemu baba si la mtu mmoja. Mmoja akikataa likatwe, msigombane. Huenda akakubali mtoe kipande kidogo cha bitana ya ndani, mahali pasipoonekana. Kila mtoto naye alete chake: sare ya shule ya msingi, tai, au gauni la ubatizo.

Sasa tuingie kazini. Fua nguo zote na uzipige pasi kabla ya kukata. Zinazochuja rangi zifue peke yake hadi maji yawe safi. Kata vipande 35 vya mraba, sentimita 30 kila upande. Vishone vitano kwa upana na saba kwa urefu, ukiacha sentimita moja ya mshono kila ukingo. Utapata mfarishi wa sentimita 140 kwa 196, unaotosha kitanda cha futi nne kwa sita. Nguo iliyochakaa itilie kitambaa cha mericani chini yake isipasuke.

Leso yenye jina isikatwe katikati ya maneno. Kipande hicho kipe upana wa sentimita 58, kikae mahali pa vipande viwili.

Kwa upande wa chini nunua doti moja ya leso mpya, uunge zile mbili kwa ule upande mrefu. Katikati tandaza blanketi jepesi la zamani. Piga bandi tabaka zote tatu, kisha funga fundo la uzi imara kwenye kila pembe ya viraka ili zisitembee. Ukingo wa leso unaobaki ukunje kuja juu, uwe upindo.

Huna cherehani? Sindano ya mkono inatosha. Ukishona kiraka kimoja kila jioni, utamaliza viraka vyote kwa wiki tano. Wape watoto kazi ya kupanga rangi, nao watauliza babu alikuwa mtu wa namna gani.

Hatimaye, tarizi kwenye pembe moja majina ya walioshona na mwaka.

Pesa tunazomtumia mama kwa simu ni wajibu, naye hutushukuru. Lakini hununua unga na sukari, zikaisha. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Basi safari ijayo ya mashambani, beba daftari, ukae naye kando ya lile sanduku.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.