Ahadi ya Kununua Nyumba ni Deni

Kununua nyumba ni jambo kubwa kuliko yote ambayo mfanyakazi wa kawaida hulifanya kwa fedha zake. Mwalimu aliyeweka akiba tangu siku ya kwanza ya kazi, au mtumishi wa serikali aliyekubali mshahara wake ukatwe mkopo kwa miaka mingi, aghalabu hupata nafasi hiyo mara moja tu maishani. Kwa hiyo inasikitisha kuona jambo zito namna hii likifanywa kwa wepesi. Mtu huiona nyumba Jumamosi, hutia sahihi Jumatatu, na kabla ya mwezi kuandama huanza kutafuta njia ya kujitoa.

Sababu za kujitoa hazikosekani. Mmoja amepata nyumba nyingine yenye bei nafuu. Wa pili ameambiwa na jamaa kwamba mtaa ule hujaa maji wakati wa masika. Wa tatu amenyimwa mkopo alioutumainia. Wote hao hujipa moyo kwa hoja moja: nyumba bado ni ya mwenyewe na sehemu kubwa ya fedha bado iko kwa mnunuzi, basi kuna ubaya gani kila mtu akishika chake na kwenda zake?

Ubaya upo, na lazima usemwe waziwazi. Tangu siku ile sahihi zilipowekwa, muuzaji amekwisha kuwarudisha wanunuzi wengine. Pengine ni mstaafu anayerudi kwao, naye amewapa wapangaji taarifa ya kuhama, ameanza kulipia kiwanja kijijini na kuagiza matofali. Yote hayo ameyafanya kwa kuamini neno la mnunuzi. Mnunuzi anayejitoa haondoki mikono mitupu kama anavyodhani. Nyuma yake huacha hasara ambayo hana budi mtu mwingine kuibeba.

Sheria za Tanzania haziko kimya katika jambo hili. Sheria ya Mikataba, ambayo ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata kwa karibu ile ya India ya mwaka 1872, imeweka mpaka ulio wazi. Mtu aliyetoa pendekezo ana ruhusa ya kulifuta maadamu halijakubaliwa. Likikwisha kukubaliwa, mapatano yamefungwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka mapatano ya kuuza haki ya kumiliki ardhi yawe katika maandishi yenye sahihi ya yule anayedaiwa ndipo yaweze kutekelezwa mahakamani. Maana yake ni kwamba maneno ya barazani hayamfungi mtu, bali karatasi aliyoitilia sahihi humfunga.

Wapo wanaodhani kwamba maadamu hati haijabadilishwa jina, mkataba haujawa mkataba. Hilo ni kosa. Baada ya sahihi huja taarifa kwa mamlaka ya ardhi, malipo ya kodi na ada, na usajili. Kazi hiyo huweza kuchukua muda mrefu, na ndani ya muda huo ndimo mioyo ya watu hugeuka. Lakini kungoja usajili si kungoja ahadi izaliwe. Ahadi imekwisha kuzaliwa. Kinachongojwa ni kutimizwa kwake.

Anayejitoa bila sababu inayokubalika huweza kudaiwa fidia ya hasara iliyotokana na kitendo chake. Mathalani, nyumba iliyopatanwa kwa shilingi milioni 60 ikauzwa baadaye kwa haki kwa milioni 52, yule aliyejitoa huenda akatakiwa kuijaza ile milioni 8. Mahakama pia yaweza kuamuru mkataba utimizwe kama ulivyoandikwa. Hata hivyo sheria haimpi muuzaji ruhusa ya kukaa kitako na kuiacha hasara ikue, kwani mahakama huangalia pia njia alizokuwa nazo za kuipunguza. Na hata pale mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa na mvunjaji, mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho, wala haitoi adhabu ya kumkomoa mtu.

Ugomvi mkubwa aghalabu huwa juu ya fedha iliyotangulizwa, ile iitwayo arbuni. Ikiwa ilitolewa kama dhamana ya ahadi, mwenye kujitoa huenda akaipoteza. Ikiwa ni sehemu tu ya bei, yaweza kudaiwa irudishwe baada ya kuondoa hasara ya muuzaji. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini mikataba mingi inayoandikwa kwa haraka haisemi ni ipi kati ya hizo mbili. Sentensi moja iliyosahauliwa siku ya kutia sahihi huweza kuzaa kesi ya miaka.

Haki haina upande mmoja. Muuzaji anayepokea fedha za mwalimu, kisha akaigeukia bei kubwa zaidi ya mfanyabiashara, amefanya kosa lile lile. Aidha, wako wanunuzi wanaojitoa kwa haki kabisa. Aliyedanganywa juu ya mipaka au juu ya deni lililowekewa nyumba, au aliyetishwa, hafungwi na sahihi iliyopatikana kwa hila. Vivyo hivyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi anayegundua kwamba mke wa muuzaji hakuridhia hana sababu ya kuona haya kusimama.

Basi yafaa kila mfanyakazi anayetaka nyumba afanye shaka zake zote kabla ya kalamu kugusa karatasi. Aende kwenye ofisi ya msajili wa hati akapekue nani mwenye jina na kama nyumba imewekwa rehani. Aitazame wakati wa mvua, aulize majirani, aonane na mwenzi wa muuzaji. Asiridhike na muhuri wa serikali ya mtaa peke yake, kwani muhuri huo hauchukui nafasi ya daftari la msajili. Ikiwa anategemea mkopo, mkataba useme kwamba mkopo ukikataliwa mapatano yatakwisha na fedha itarudi. Pasipo maneno hayo, kukataa kwa benki ni shida ya mnunuzi, si ya muuzaji. Tena mkataba uandikwe na wakili, ueleze siku ya mwisho ya malipo, na utaje wazi litakalompata yeyote atakayevunja, awe mnunuzi au muuzaji. Gharama ya wakili ni ndogo mbele ya gharama ya majuto.

Wapo wanaoshauri kwamba sheria impe mnunuzi siku chache za kujifikiria. Ufaransa ilifanya hivyo: tangu mwaka 2015 mnunuzi wa nyumba ya kuishi amepewa siku 10 za kujitoa bila kutoa sababu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania haina fursa ya namna hiyo, na wazo hilo linastahili kupimwa na wahusika kwa makini. Lakini hakuna haja ya kungoja. Pande mbili zikikubaliana, siku hizo zaweza kuandikwa ndani ya mkataba wao leo hii, na kila mmoja akajua mapema mwisho wake ni lini.

Mwalimu huwafundisha watoto kutimiza ahadi, na mtumishi wa umma husimamia ahadi za serikali kwa wananchi. Haifai watu hao wawe wa kwanza kuzidharau sahihi zao wenyewe. Mwenye shaka na aseme hapana mapema, wala hatalaumiwa na mtu. Akikwisha kusema ndiyo kwa maandishi, ajue kwamba yuko mtu mwingine aliyeyajenga maisha yake juu ya neno hilo.