Dishi Ruksa, Waya Marufuku

BARAZANI
Na Rukia Makame

Binamu yangu aliponunua nyumba Columbus, jimbo la Ohio, alikabidhiwa funguo pamoja na kitabu cha masharti ya chama cha wenye nyumba. Rangi ya mlango, urefu wa nyasi, mahali pa kuweka pipa la taka, vyote vimo. Kimo pia kifungu kinachokataza antena nje ya nyumba. Jirani yake ana dishi la televisheni ukutani, linaonekana tangu barabarani, na hakuna anayemuuliza. Binamu alitaka kufunga waya mmoja tu ili asikilize redio ya masafa mafupi. Akaambiwa masharti ni masharti.

Kamati ya mtaa wake haina roho mbaya. Dishi lingekuwa ndani ya uwezo wao, wangelipiga marufuku nalo. Kinachowazuia ni Sheria ya Mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996, iliyozaa kanuni ya tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC: chama hakiwezi kumkataza mtu kufunga dishi lisilozidi mita 1 kwa upana, wala antena ya kunasa televisheni, katika eneo lililo lake. Redio ya masafa mafupi haikutajwa. Wenye redio za ridhaa, wale wanaorusha na kupokea, wana kinga yao ya mwaka 1985, lakini inawabana watunga sheria wa miji na majimbo tu. Mkataba uliotia saini mwenyewe na chama haiugusi. Muswada wa kuziba pengo hilo ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2016, ukapita tena 2017, na mara zote mbili ukafia Seneti.

Basi nisielezwe habari za kulinda sura ya mtaa. Dishi lina kampuni nyuma yake inayouza vifurushi kila mwezi. Waya wa binamu hauna anachouza mtu, ndiyo maana hauna wa kuutetea. Mimi nasema na aufiche, wala asione haya.

Tena kuuficha ndani ya nyumba si kuvunja mkataba. Kifungu kinasema nje. Nyumba nyingi za kule ni za fremu ya mbao na paa la vigae vya lami, na mawimbi ya redio hupita humo bila shida. (Sisi wa mabati tusijidanganye: bati huyazuia. Hata huko, dari iliyopigwa karatasi ya aluminiamu ya kuzuia joto itakuangusha vilevile.) Binamu alipanda darini, akatambaa kwa magoti juu ya mihimili na waya wa shaba wenye vanishi, ule ambao mafundi wetu huusukia mota. Alikata mita 12. Kipimo hicho ni karibu nusu ya wimbi la kilohezi 11735, masafa ambayo Sauti ya Tanzania Zanzibar, leo ZBC, ilirushia kwa miaka mingi kutoka Dole, Unguja, na taarabu yake ikawindwa na wasikilizaji wa Ulaya na Marekani. Dari ilikwisha kabla ya waya, akaukunja kwenye kona. Kwa kupokea tu, kukunja si neno. Kebo ikashukia ndani ya kabati la nguo.

Wajanja zaidi wametumia bendera. Sheria iliyotiwa saini mwaka 2006 inavizuia vyama hivi kumkataza mwenye nyumba kupeperusha bendera ya taifa. Wapo wanaosimamisha mlingoti wa faibagilasi, waya ndani yake, na bendera ya Marekani juu. Kamati ikitaka kuushusha, nayo ifikirie itakavyoonekana.

Adui mkubwa lakini si kamati, ni kelele. Chaja ya simu, balbu za LED, inverta ya sola: kila kimoja hutoa mngurumo unaofunika stesheni ya mbali, na antena ya ndani iko karibu navyo mno. Asiye na dari atumie antena ya duara, kipenyo cha mita moja hivi, nyuma ya pazia. Akiizungusha polepole, kuna pembe ambapo kelele hufifia na sauti ya mtangazaji hubaki. Kabla ya kununua chochote, awashe redio kwa betri na kuzima swichi kuu ya nyumba. Mngurumo ukikoma, mwizi yumo ndani.

Najua kijana mmoja atacheka: si kuna intaneti? Ipo, hadi siku inayozimwa. Waganda walizimiwa Januari 2021, mkesha wa uchaguzi. Masafa mafupi serikali inaweza kuyapigia kelele ya kuyavuruga, lakini haina pa kuyafunga, kwa sababu mtambo uko nchi nyingine.

Bunge la Marekani likiurudisha ule muswada, liwaongeze na wasiorusha kitu, wanaosikiliza tu. Waya mwembamba, mbali na nyaya za umeme, na njia ya kushusha radi ardhini kama uko nje. Wenye redio za ridhaa wana chama cha kitaifa kinachobisha hodi Seneti kwa niaba yao, na bado wameshindwa mara mbili. Binamu yangu hana hata huyo wa kumbishia.