Joto letu kavu laweza kulinda nyanya zetu

KUTOKA UKINGO WA TANA
Na Hawa Abdullahi Dahir

Ikifika saa kumi jioni katika Suuq Mugdi, mjini Garissa, mwenye nyanya hana tena sauti juu ya bei ya nyanya zake. Jua limeshaamua. Fungu ambalo asubuhi lingempa mama mboga faida ya siku sasa linakwenda kwa chochote alicho nacho mteja, kwa kuwa likilala halitafaa kwa mchuzi. Zinazosalia hutupiwa mbuzi.

Tumeyazoea haya kiasi kwamba hakuna anayeyaita hasara. Mkulima wa Sankuri au Korakora, kando ya Mto Tana, huhesabu alichopeleka sokoni akasahau kilichobaki shambani kimepondeka. Mama mboga huingiza mabovu katika bei ya mazima, na mnunuzi hulipia yote mawili. Hata hivyo, sehemu kubwa ya hasara hii yaweza kuzuiwa kwa matofali, mchanga, maji kiasi na kuvuna asubuhi mapema. Utafiti umekwisha kufanywa. Kilichobaki ni kuuleta huku na kuupima katika joto letu, na kazi hiyo ina wenyewe.

Tunda halifi linapokatwa shinani. Linaendelea kupumua, likitumia sukari na maji liliyojiwekea, ilhali mzizi haulipi tena chochote. Kipimo ambacho wataalamu wa mazao hukitumia ni hiki: joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kupumua huongezeka mara mbili hadi tatu. Basi nyanya iliyo katika nyuzi 37 inazeeka mara nne au zaidi kuliko mwenzake aliye katika nyuzi 17. Garissa, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 kwa siku nyingi za mwaka, kila saa ya kuchelewa ina gharama.

Sasa fuata safari ya nyanya zetu. Zinachumwa jua likiwa limeshapanda, zinarundikwa pembeni mwa shamba bila kivuli, kisha zinajazwa katika masanduku ya mbao yenye kingo kali au, vibaya zaidi, katika magunia. Mkokoteni wa punda unazitikisa hadi barabarani. Za chini zinabeba uzito wa za juu, ngozi inapasuka, na kila mpasuko ni mlango wa ukungu. Tunda lililojeruhiwa pia hutoa kwa wingi gesi ya ethilini, ile inayoivisha matunda. Mwaka 1934 mwanasayansi Mwingereza, Richard Gane, alithibitisha kwamba matunda yenyewe ndiyo yanayoitengeneza. Ndiyo maana nyanya chache zilizopasuka, au kichane cha ndizi mbivu kilichowekwa juu ya sukuma wiki, huharakisha kuharibika kwa vyote vilivyo karibu.

Dunia nzima ina tatizo hili. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 14 ya chakula hupotea kati ya mavuno na kufika dukani, na kwa matunda na mboga kiwango hicho hupita moja ya tano. Viongozi wa Afrika waliahidi huko Malabo mwaka 2014 kwamba wangepunguza hasara za baada ya mavuno kwa nusu ifikapo 2025. Mwaka huo umeshapita. Mkulima wa Balambala anayekata ndizi leo hana kifaa chochote ambacho baba yake hakuwa nacho.

Wanasiasa wetu wakiulizwa, jibu huwa moja: tutajenga ghala la baridi. Silipingi ghala la baridi. Maziwa ya ngamia na nyama vinalihitaji, na eneo hili linaishi kwa mifugo. Lakini kwa nyanya, embe na ndizi, ghala peke yake ni tiba inayofika mgonjwa akiwa hoi. Hayo ni mazao ya nchi za joto. Ukiyashusha chini ya nyuzi 12 au 13 yanaumia: ganda la ndizi linageuka jeusi, nyanya iliyochumwa ikiwa bado mbichi inashindwa kuiva sawasawa. Ukiyatoa humo ghafla kwenye joto la mchana, yanatoka jasho na kuoza upesi. Juu ya hayo, ghala hujengwa mjini, nalo zao limekwisha kuungua kabla ya kufika mjini. Saa zinazoamua uhai wa nyanya ni zile za kwanza, kando ya shamba.

Kwa saa hizo za kwanza, silaha yetu ni ile hewa kavu tunayoilalamikia. Dereva wa lori wa njia ya Mandera anaijua siri hii: huuvika mtungi wake wa maji gunia lililoloweshwa, na upepo wa njiani ukayapoza maji. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto. Kwa hesabu ya fizikia, lita moja ikiyeyuka yote hubeba joto la kutosha kupoza kama kilo 30 za nyanya kwa nyuzi 20. Katika matumizi ya kawaida baadhi ya ubaridi huo hupotea, lakini unaobaki ni mwingi.

Wapo waliotumia maisha yao kuigeuza kanuni hii kuwa chombo cha mkulima. Katika miaka ya 1980 mtafiti Susanta Roy wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya India, New Delhi, alibuni chumba kidogo cha kuta mbili za matofali, katikati mchanga unaoloweshwa, juu mkeka. Hakihitaji umeme hata kidogo. Kaskazini mwa Nigeria, katika jimbo kame la Jigawa, mwalimu Mohammed Bah Abba alianza mwaka 1995 kusambaza chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati, na wazo hilo likampatia tuzo ya kimataifa ya Rolex. Hapa Kenya, Profesa Jane Ambuko wa Chuo Kikuu cha Nairobi amefanya kazi na wakulima wa embe, akipima vyumba vya matofali, vyumba vya kuta za makaa yaliyoloweshwa, na kifaa cha CoolBot kinachoiwezesha mashine ya kawaida ya kupoza nyumba kuendesha chumba cha baridi. Huko Karurumo, Embu, wakulima walipata kituo cha kukusanyia na kutunzia mazao yao. Mwaka 2017 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu hasara za baada ya mavuno. Maarifa, basi, hayako mbali nasi. Yamesimama upande wa pili wa Mwingi, kwenye njia ya Nairobi.

Tena yakija huku yatafanya kazi vizuri zaidi kuliko Pwani. Upozaji wa mvuke hutegemea ukavu wa hewa. Pwani, hewa ikiwa imeshiba unyevu, maji hayayeyuki upesi na chumba hakipoi sana. Garissa alasiri, jua likiwa kali na upepo mkavu, ndipo chumba hicho hupoza kwa nguvu zaidi, saa ileile ambayo zao linakihitaji. Maji yapo, kwa kuwa mashamba mengi yamejipanga kando ya Tana na pampu zimeshafungwa. Mchanga upo. Na kwa kuta za makaa tuna mathenge, mti uliovamia malisho na kutoboa meno ya mbuzi wetu. Ukichomwa makaa utafanya kazi ya maana, na migunga haitakatwa.

Mipaka ipo, na mkulima ana haki ya kuijua. Wakati wa mvua chumba kitapoza kidogo. Vitunguu, ambavyo wakulima wa Mandera huvilima kando ya Mto Daua, havitaki chumba hicho kabisa; vinataka kukaushwa shingo na kuhifadhiwa pakavu penye hewa, la sivyo vinaota na kuoza. Na Wajir, ambako maji ni ya visima na kila mtungi una mwenyewe, hesabu ya maji lazima ifanywe kwanza. Hii ndiyo sababu upimaji wa hapa hauwezi kukwepwa: jibu la Embu halitoshi kwa Wajir.

Anayedhani watu wetu hawawezi kutunza jani bichi aangalie miraa. Inakatwa Meru, inafungwa kwa majani ya mgomba ili isikauke, inapakiwa bila kupoteza dakika, na inamfikia mteja wa Garissa, Wajir hadi Mandera kabla nguvu yake haijaisha. Hakuna serikali iliyojenga mfumo huo. Ulijengwa na watu waliojua kwamba wakichelewa hawalipwi. Jani lisilolisha mtoto yeyote linapewa kivuli, unyevu na haraka, na nyanya inayolisha nyumba nzima inaachwa juani. Ujuzi tunao tayari, tumeupeleka kwingine.

Kuna jambo la barabara pia. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na tena yale ya 2024, yaliikata barabara ya Nairobi upande wa Madogo. Mvua za vuli, deyr kwa Kisomali, hukaribiana na msimu wa embe, hivyo mkulima anaweza kufungiwa njia huku miti imejaa. Siku kama hizo chumba cha matofali humnunulia muda tu. Kinachomwokoa ni kukausha. Bibi zetu walikausha nyama ya ngamia wakaihifadhi katika mafuta kama nyirinyiri, ikakaa miezi. Embe iliyokatwa vipande vyembamba, ikapakwa maji ya limau isibadilike rangi, ikakaushwa ndani ya kisanduku chenye karatasi angavu ya plastiki kinachozuia vumbi na nzi, inaweza kungoja barabara ifunguke. Jua hili hili limeijaza Garissa vioo vya umeme tangu kituo cha megawati 54.6 kilipozinduliwa 2019. Linatosha kukausha embe za wadi chache.

Najua nitaambiwa kwamba eneo lililotoka katika ukame wa 2020 hadi 2023 lina shida kubwa kuliko nyanya. Lakini familia nyingi zilizopoteza mifugo kwa ukame zimekimbilia mtoni na kushika jembe. Kwao shamba ndilo lililobaki. Zao likioza mikononi mwao, tumewapokonya mara ya pili. Na soko lipo: mji wenyewe unakula mboga nyingi zinazotoka bara, na Dadaab, mwendo wa kama kilomita 100, ina wakimbizi zaidi ya laki tatu wanaokula kila siku.

Kilimo kiligatuliwa na Katiba ya 2010, kwa hiyo lawama zisitumwe Nairobi. Idara ya kilimo ya kaunti ijenge vyumba vya matofali na makaa katika mashamba ya vikundi vya Sankuri, Korakora na Balambala, iwape makreti ya plastiki na nyavu za kivuli. Chuo Kikuu cha Garissa kitume wanafunzi wapime joto, unyevu, maji yaliyotumika na siku ambazo zao limedumu, kwa misimu miwili, ya kiangazi na ya mvua. Matokeo yasomwe hadharani kwa Kisomali na Kiswahili mbele ya wakulima na mama mboga, yakiwa mema au mabaya. Gharama ya yote hayo ni sehemu ndogo ya bei ya ghala moja kubwa.

Mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kabla yake kaunti inawajibika kisheria kusikiliza wananchi kuhusu bajeti. Ukienda katika kikao hicho, usiulize ghala litajengwa lini. Uliza ni shilingi ngapi zimetengewa saa sita za kwanza baada ya kuvuna, na utake jibu hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.