KARIAKOO INA WENYEWE

Kuna neno linalosemwa siku hizi na watu wa kila namna, wenye suti na wenye kandambili, nasi tumelisikia mara nyingi hata tumechoka kulinyamazia. Neno lenyewe ni hili: "Kariakoo ni biashara tu." Maana yake ni kwamba pale hapana kitu ila maduka, marobota, mikokoteni na kelele, kwamba nyumba ya zamani iliyobaki ni kiwanja kinachongoja mnunuzi, na kwamba mtu anayezungumza habari za historia ya Kariakoo ni mtu asiye na kazi, aende makumbusho akakae huko na mifupa.

Twasema, la hasha. Neno hilo ni la uongo, tena ni uongo wenye faida kwa watu fulani. Ukitaka kumwondoa mtu mahali pake kwa urahisi, kwanza mwambie kwamba mahali hapo hapajawa na mtu.

Basi na tuanze na jina, maana wengi wetu twalitamka kila siku bila kujua tunatamka nini. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, waliweka pale kambi ya jeshi lao la wapagazi. Jeshi hilo kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps. Wazee wetu wakalitia neno hilo katika ulimi wao likawa Kariakoo, na wenzetu wa Nairobi nao wakapata Kariokor yao kwa njia iyo hiyo. Mpagazi alikuwa nani? Alikuwa mkulima aliyekamatwa shambani, akatwishwa mzigo wa ratili hamsini au sitini, akatembezwa porini kufuata vita visivyomhusu, vya Mwingereza na Mjerumani. Katika upande wa Waingereza peke yao wapagazi waliotumikishwa wakadiriwa kufika karibu milioni moja. Waliokufa ni makumi ya maelfu, na wengi wao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa kuhara, homa na njaa. Hesabu kamili haipo, kwa sababu waliowatumikisha waliona haya kuihesabu au hawakuona haja.

Mwaka 1927 mkoloni alisimamisha Sanamu ya Askari katikati ya mji. Maandishi ya chini yanawataja na wapagazi, lakini aliyesimamishwa juu, ameshika bunduki, ni askari. Mpagazi hakupata sanamu. Alipata mtaa. Kumbukumbu kubwa kuliko zote ya watu wale ni Kariakoo yenyewe, na kila kondakta wa daladala anayeita abiria "Kariakoo! Kariakoo!" anawataja bila kujua.

Tazama tena mitaa yenyewe. Uko Mtaa wa Narung'ombe. Narung'ombe ni mahali upande wa Kilwa palipopiganwa mwezi wa Julai 1917. Uko Mtaa wa Mahiwa. Mahiwa iko Lindi, nako mwezi wa Oktoba mwaka huo huo damu ilimwagika siku nne mfululizo, vita vikali kupita karibu vyote vya nchi hii wakati ule. Ulikuwako na Mtaa wa Tandamti, na kilima cha Tandamuti kilipiganiwa mwezi wa Agosti, katikati ya hivyo viwili. Viwanja vitatu vya vita vya mwaka mmoja, vimeandikwa katika vibao vya mitaa ambamo leo tunanunua vitenge na vyombo vya plastiki! Sisi tuliosomea ualimu tunajua mtoto wa shule anavyofundishwa safari za Vasco da Gama mpaka azikariri. Muulize mtoto huyo, aliyezaliwa Narung'ombe, Narung'ombe ni nini. Atakuonyesha duka.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wakoloni na vita vyao, tuyaache yazikwe. Haya, na tuyaache. Tuje kwa yaliyofanywa na wenyeji wenyewe.

Mkoloni aliugawa mji huu kwa rangi. Wazungu walikaa pwani penye upepo, Wahindi wakakaa katikati, Mwafrika akapewa nyuma, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukawekwa kati ili pumzi zetu zisiwafikie. Wajerumani ndio waliokusudia kwanza kuwahamishia Waafrika huko, na Waingereza wakaendelea na shauri lile lile kwa kukata viwanja vilivyonyooka kama mistari ya daftari. Walidhani wamepata mahali pa kulaza vibarua. Wakakosea kabisa.

Maana watu walijenga mji. Walijenga nyumba ambayo kila mtu wa Dar es Salaam anaijua: ukumbi katikati toka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani kisima au bomba, jiko na choo, na mbele baraza. Kwanza iliezekwa makuti, kisha madebe yaliyopasuliwa, kisha mabati. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Kwa hiyo katika nyumba moja ungemkuta Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Mngoni, wanachota maji bomba moja na watoto wao wanakula sinia moja. Watu wanaotafuta asili ya umoja wa taifa hili katika vitabu vikubwa wanapoteza wakati wao. Umoja huo ulipikwa uani, na ukazungumzwa barazani penye kahawa na bao.

Wala hatusemi hivi kwa kupamba maneno. African Association ilianzishwa katika mji huu mwaka 1929, rais wake wa kwanza akiwa Cecil Matola na katibu wake Kleist Sykes, mtu ambaye baba yake alitoka Msumbiji mwenye asili ya Kizulu. Wanachama walijenga nyumba yao ya mkutano kwa kujitolea, penye makutano ya New Street na Mtaa wa Kariakoo. Hapo hapo ndipo, tarehe 7 Julai 1954, watu 17 walipoanzisha TANU. New Street leo ni Mtaa wa Lumumba. Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo katika miaka ile ile, na katika soko hilo hilo mzee Mshume Kiyate alikuwa akiuza samaki na kutoa fedha yake mfukoni kuisaidia harakati na kumsaidia Mwalimu Nyerere. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma, alipoambiwa awaingize wanawake chamani mwaka 1955, hakwenda kuwatafuta maofisini. Alikwenda katika vikundi vya ngoma na vya taarabu, kwa mama wapika vitumbua na wauza pombe, na kwa miezi michache tu wakajiandikisha kwa maelfu hata wanaume wakashangaa. Nguvu ya kumng'oa mkoloni haikushuka toka mbinguni. Ilitoka katika nyumba za bati.

Je, nyumba hizo tumezifanyaje?

Hapa hatuna budi kusema kweli hata kama inauma nyumbani kwetu. Ile nyumba ya kwanza, waliyoijenga wanachama kwa mikono yao, haipo. Mahali pake limesimama jengo kubwa la chama. Ikiwa wazalendo wenyewe hatukuweza kuitunza nyumba tuliyozaliwa, tutakuwa na uso gani wa kumlaumu mfanya biashara anayevunja nyumba ya marehemu fulani ili ajenge ghorofa kumi? Twalaumu, lakini twaanza na sisi.

Kisha kuna sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo halilindwi mpaka Waziri alitangaze. Sasa fikirini, ndugu: mji wa Dar es Salaam wenyewe ulianza kujengwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860! Kwa kipimo hicho karibu mji mzima ni kitoto kichanga kisicho na historia, na Kariakoo haijazaliwa. Yapo majengo ya karibu na bandari yaliyobahatika kutunzwa na kutembelewa na wageni: Boma la Kale, Kanisa la Kilutheri, Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Hatuyachukii, ni mazuri, na yatunzwe. Lakini mbona kilichotunzwa ni pale mtawala alipokaa na pale alipoombea, na alipolala aliyetawaliwa pakaitwa kiwanja?

Tumekwisha kuambiwa na bwana mmoja, katika ofisi ambayo hatutaitaja, kwamba nyumba ya udongo na bati si usanifu. Twamjibu kwamba hatukwenda kwake kuomba cheti cha urembo.

Wengine wana hoja yenye nguvu zaidi, nayo yataka jibu la heshima. Wanasema: mwenye nyumba ana haki yake. Mzee amefariki, ameacha watoto wanane na wajukuu thelathini, kila mmoja ana fungu lake la urithi, bati linavuja, na amekuja mtu na fedha ambazo ukoo mzima haujapata kuziona. Au amekuja na shauri la ubia, kwamba atajenga ghorofa na warithi wapewe vyumba viwili vitatu humo ndani. Je, tuwaambie wakatae, wabaki na historia na ndoo ya kukingia mvua? Hapana. Sisi si wapumbavu. Hatumlaumu mjane hata kidogo. Tunalaumu kwamba hajapewa njia nyingine. Hakuna aliyemjia akamwambia: nyumba hii tutakusamehe kodi, tutakusaidia kuikarabati, weka duka barazani lakini usivunje ukumbi. Aliyekuja ni mnunuzi peke yake. Penye mnunuzi mmoja tu hapana hiari.

Na hayo maghorofa yenyewe tuyaulize maswali mawili matatu. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapo Kariakoo, wakafa watu zaidi ya ishirini, wengi wao wachuuzi na wateja waliokuwa katika shughuli zao za asubuhi. Hatusemi kila ghorofa ni kaburi. Tunasema kwamba tangu siku ile, mtu anayetuambia "jengo jipya ni maendeleo" ajifunze kwanza kusema sentensi hiyo kwa sauti ya chini.

Wala isidhaniwe kwamba tunapenda kila cha zamani na kuchukia kila kipya. Soko la Kariakoo ni ushahidi. Soko la kwanza lilifunguliwa mwaka 1923 katika jengo lililoachwa na Wajerumani. Likavunjwa, na mwaka 1975 likafunguliwa soko jipya lililochorwa na Mtanzania, Beda Amuli, lenye mapaa ya zege kama miavuli iliyopinduliwa, ambayo hukinga maji ya mvua na kuyapeleka katika tangi. Hapo kilivunjwa kitu cha zamani na kikasimamishwa kitu kikubwa kuliko kile, chetu, chenye akili. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko hilo likawaka moto, na watu walisimama barabarani wakilia kama waliofiwa. Kama Kariakoo ni biashara tu, walikuwa wakililia nini wale ambao hawakuwa na meza humo?

Tena kuna jambo la kuchekesha. Watu wetu wanajua sana kutunza historia wakitaka. Muulize mpenzi wa Yanga mwaka wa klabu yake, atakujibu 1935 kabla hujamaliza kuuliza. Muulize wa Simba, mwenye makao yake Mtaa wa Msimbazi, atakueleza habari za Sunderland tangu 1936 na jinsi jina lilivyobadilishwa mwaka 1971. Wako tayari kupigana ngumi kwa ajili ya bao la miaka hamsini iliyopita. Hakuna Waziri aliyetangaza bao hilo kuwa mali ya taifa. Wamelitunza kwa sababu wanaliona ni lao.

Basi tunadai mambo ambayo si makubwa. Waziri atumie uwezo aliopewa na sheria, atangaze japo nyumba chache za Kiswahili zilizosalia Kariakoo, kwa hiari ya wenyewe na kwa fidia ya haki. Manispaa iweke kibao katika kila mtaa wenye jina la vita au la mtu, kieleze kwa maneno machache ni vita gani na mtu gani, kwa Kiswahili. Mtaa wa Kipata ulipopewa jina la Kleist Sykes na Tandamti ukapewa la Mshume Kiyate ilikuwa heshima iliyostahili. Lakini jina la zamani liandikwe chini ya jipya, maana na la zamani lina wafu wake.

Lililo letu wenyewe halingoji Waziri. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1954 ni wachache mno sasa, na kila mwezi tunawasindikiza makaburini. Watoto wao wamebaki na picha katika masanduku, kadi za chama zilizochakaa, vyeti vya viwanja na stakabadhi za kodi ya nyumba. Ukoo ukihama ghorofa ikapanda, masanduku hayo hutupwa pamoja na kifusi. Kila tawi lililo Kariakoo lichague vijana wawili wanaojua kuandika vizuri na kusikiliza kuliko kusema. Simu nyingi siku hizi zina kinasa sauti na kamera. Waanzie Narung'ombe, waende nyumba kwa nyumba mpaka Mahiwa, wapige hodi, waamkie, waombe ruhusa, waandike nani alijenga, mwaka gani, nani alipanga chumba kipi na nani alikuwa akikaa barazani. Picha wazipige hapo hapo, wamrudishie mwenyewe picha yake mkononi. Daftari moja libaki tawini na nakala yake ipelekwe shule ya msingi iliyo karibu, kwa mwalimu wa historia.