Mafua yameisha, kikohozi kimebaki

Mtoto amepona mafua, anakula na kucheza, lakini usiku bado anakohoa. Mara nyingi kikohozi hicho huisha ndani ya wiki tatu. Virusi huondoka, njia ya hewa ikabaki imewaka.

Wapo wanaochelewa kupona: wenye pumu, waliozaliwa njiti, na wanaovuta moshi kila siku. Kwa Mwanza, moshi ndio wa kuangaliwa kwanza. Mialoni, mama hubanika samaki na mtoto yuko mgongoni. Kwenye vyumba vya kupanga vya Mabatini na Igogo, mvua ikinyesha jiko la mkaa huingizwa ndani. Sigara ya baba nayo imo, hata akivutia dirishani.

Antibayotiki haziui virusi, hata ukirudia dozi. Kubwa zaidi, kikohozi cha mafua na cha kifua kikuu vinafanana masikioni. Kikifika wiki mbili, mpeleke mtoto akapimwe, hasa kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa au mtoto haongezeki uzito. Vituo vya serikali hutibu kifua kikuu bure.

Akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani au akikataa kunyonya, usihesabu siku. Mpeleke hata usiku.