Ulinzi wa Kitongoji na Usalama wa Mnyonge



Katika mikutano ya vitongoji na mitaa yetu husikika malalamiko yale yale: wezi wa usiku, mashimo ya machimbo yaliyoachwa wazi, taka, vijana wasio na kazi. Kisha huulizwa Serikali iko wapi, na mgodi umefanya nini. Maswali hayo ni halali. Hata hivyo, Papa Pius XI alitufundisha mwaka 1931 kanuni ya auni, kwamba jambo linaloweza kutendwa na jumuiya ndogo lisinyang'anywe na iliyo kubwa. Haki hiyo ni wajibu pia, na wajibu wa kwanza wa wakazi ni usalama wa kila aishiye kati yao.

Uwezo wa kujipanga tunao. Shinyanga, iliyowahi kuitwa jangwa la Tanzania kwa kukatwa miti yake, ilianza kurudishiwa uoto mwaka 1986 kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mradi huo ulifanikiwa kwa sababu uliijenga upya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi. Wanavijiji walikubaliana mipaka, wakatunga sheria ndogo, na dagashida, baraza lao la jadi, likawatoza faini waliozivunja. Ngitili zilizosalia mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000.

Mfano wa pili ni sungusungu. Jeshi hilo la jadi lilizuka mwaka 1981 na 1982 pande za Kahama na Nzega, wakati wezi wa ng'ombe walipokuwa na silaha na polisi wako mbali. Wanavijiji walichagua makamanda wao, wakakesha na pinde, wakaitana kwa yowe. Wizi ulipungua, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini mahali pengine nguvu hiyo hiyo iligeuzwa. Watu walichapwa na kufukuzwa pasipo ushahidi, wakiwamo wanawake wazee walioitwa wachawi.

Hapo ndipo penye fundisho. Watu mia wakimzunguka mtu mmoja asiye na mtetezi, nao wana umoja. Walichokosa ni haki. Macho mekundu ya bibi kizee yametokana na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe alivyopikia maisha yake yote, na mara nyingi nyuma ya tuhuma lipo shamba linalotamaniwa. Nako machimboni, tamaa ya dhahabu imewanufaisha wapiga ramli. Kuanzia mwaka 2007 Kanda ya Ziwa ilishuhudia watu wenye ualbino wakiwindwa kwa imani potofu kwamba viungo vyao huleta utajiri.

Basi, yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake, nao hupaswa kukutana kila miezi mitatu. Hapo ndipo pa kudai hesabu za mapato na matumizi, na kuamua mashimo yapi yafukiwe. Tangu mwaka 2017 sheria ya madini huitaka kampuni ya mgodi ikubaliane na halmashauri juu ya mpango wa kila mwaka wa huduma kwa jamii. Hitaji lisilotajwa mkutanoni litafikaje katika mpango huo?

Pili, zamu za ulinzi ziwe na mipaka iliyoandikwa. Mtuhumiwa akamatwe na kufikishwa polisi. Asipigwe wala asichomwe moto. Mlinzi anayehukumu usiku amekuwa mhalifu.

Tatu, kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo iwajue kwa majina wazee waishio peke yao na familia zenye watu wenye ualbino, bila kujali dini yao. Iwatembelee kila juma, na iwasaidie wazee kujenga jiko lenye bomba la moshi. Uvumi wa uchawi ukianza, wajumbe wafike kwanza nyumbani kwa anayesemwa, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji na polisi, kabla jua halijazama. Uvumi huo huua kwa sababu wanaousikia hunyamaza.

Katika mkutano wenu ujao, ulizeni jambo moja. Bibi kizee aishiye peke yake mwisho wa njia, asikiapo hatua za watu usiku, hujua kwamba ni walinzi wanaopita, au hutetemeka? Jibu lake ndilo kipimo cha kitongoji chenu.