Nani amweleze mwanao?

Wazazi wengi husema, "Watoto wa siku hizi hawasikii la mkubwa, husikilizana wao kwa wao." Basi mzazi hunyamaza, akamwachia mwalimu. Mwalimu naye akamwachia mhubiri. Mwishowe mtoto hufunzwa mambo ya mapenzi vichochoroni.

Je, ni kweli kwamba mtu mzima hasikizwi?

Mpendwa msomaji, Profesa Loretta Sweet Jemmott wa Marekani ni muuguzi aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Alisomea uuguzi Hampton, akapata uzamifu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akafundisha huko kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Drexel.

Yeye na mumewe, mwanasaikolojia John Jemmott, walianza na wavulana weusi 157 mjini Philadelphia. Jumamosi moja, kwa saa tano, baadhi yao walifunzwa kuhusu Ukimwi kwa filamu, michezo na maigizo. Wengine walifunzwa mambo ya kazi. Matokeo yalichapishwa 1992. Baada ya miezi mitatu, waliofunzwa kuhusu Ukimwi walisema wamefanya mapenzi mara chache kuliko wenzao na wametumia kondomu zaidi.

Mwaka wa 1998 walichapisha utafiti mwingine, wa watoto 659 wa darasa la sita na la saba. Baadhi walifunzwa na watu wazima, wengine na wanafunzi wa shule ya upili. Hapo ndipo penye jibu letu: matokeo hayakutofautiana. Mtu mzima aliyejua namna ya kuzungumza nao alifaulu sawa na vijana.

Tazama neno hilo, "aliyejua namna". Walimu hao walipewa mafunzo kwanza. Hawakuja kukemea wala kutisha. Watoto waliigiza jinsi ya kukataa bila kuona haya, wakafunzwa kujivunia nafsi zao na kuwajibika. Baadaye mafunzo ya aina hiyo yalipelekwa hadi shule za Afrika Kusini, na profesa huyu akaendelea kuwalea watafiti chipukizi waifuate njia hiyo.

Wewe mzazi, usingoje binti aache shule kwa sababu ya mimba ndipo utafute la kusema. Mwite mwanao jioni moja mkiwa mnachambua mboga. Muulize amesikia nini kwa wenzake, kisha umsikize hadi amalize. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.